Mwalimu wa Mazoezi

Mkuu wa shule alipotangaza gwarideni
kwamba Darasa la Nne limepata mwalimu wa mazoezi,
watoto arubaini na saba walivua viatu
wakanisubiri uwanjani,
tayari kukimbia.

Sikuwa na la kusema. Niliwarudisha ndani,
andalio la somo kwapani,
safu zake zimenyooshwa kwa rula:
muda, hatua, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, maoni.

Shule iko Changamwe, ubavuni mwa barabara ya malori.
Kontena likipita, madirisha hutetema,
nami hulikata neno katikati, nikangoja:
sehe—
—mu.
Mmoja aliliandika hivyo hivyo daftarini,
na nafasi yake.

Nyuma hukaa Bi Mkawasi, mwenye darasa,
mwaka wa ishirini na sita wa chaki,
akisahihisha insha kwa kalamu nyekundu.
Hanitazami.
Ila nikikosea, kalamu yake husimama.
Basi. Hakohoi, hanong'oni.
Nimejifunza kuusikia ukimya ule
upesi kuliko kengele.

Jumanne, Bwana Mwaruwa wa chuoni
alishuka kwenye bodaboda bila taarifa,
akajipangusa vumbi kiparani,
akaketi dawati la Kombo ambaye hakuja,
magoti karibu yamguse kidevu,
fomu ya tathmini mapajani.

Nilikuwa na mikate miwili ya mofa,
nimeinunua kwa pesa ya chakula cha mchana.
Nikaukata wa kwanza mbele yao. Nusu. Robo.
"Robo zote nne ni sawa," nikasema
kwa ile sauti niliyoizoeza usiku mbele ya kioo.

Mkono ukapanda. Nyevu, dawati la tatu,
kola yake imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
"Si kweli, mwalimu.
Kwetu tuko wanne, na robo ya mama
kila siku ndiyo ndogo."

Kalamu nyekundu ikasimama.

Nikalitupia jicho andalio. Dakika ya kumi na mbili:
mwanafunzi atambue robo.
Hapakuwa na safu ya mama yake Nyevu.
Lori likapita, na sijawahi kulishukuru lori
kama siku ile.
Likaisha. Macho yote yangali kwangu.

Nikamwita mbele, nikampa mkate wa pili.
"Mkatie mama,
kama hesabu inavyotaka."
Aliumega polepole, ncha ya ulimi nje,
akipima kwa kidole, akirudia kupima.
Vipande vinne. Akavibebanisha kimoja juu ya kingine,
akavitazama kwa upande,
kisha akaomba karatasi
akifunge kimoja.

Kalamu ikaendelea.

Bwana Mwaruwa alinisomea fomu nje ya ofisi, jua likituchoma.
Muda: umepitiliza dakika tisa.
Vifaa: vinafaa, ila vililiwa.
Ubao: mistari yako inapanda
kama treni iendayo Mazeras.
Alama sitini na mbili.
Kuhusu Nyevu hakuandika kitu.
Alifunga mkoba, akauliza tu
mofa ile niliinunua wapi.

Saa kumi, Bi Mkawasi alinisukumia rundo la madaftari
na kalamu yake juu.
"Leo sahihisha wewe."

Nikafungua la kwanza, la pili, la kumi.
Robo zilikuwa sawa, nyingi.
Lakini maandishi, Mola wangu,
kwenye karatasi iliyochapwa mistari tayari,
watoto arubaini na sita
wameikataa ile mistari:
wanaanzia chini kushoto, wanaishia juu kulia,
wanapanda, wanapanda,
na hata yule mwenye mwandiko wa kupigiwa mfano
ameupindisha wake
ufanane na wangu.

Kalamu ikasimama mkononi.

Bi Mkawasi alikuwa keshafika mlangoni, kikapu begani.
Akageuka.
Alikuwa ameusikia.